Nundu ya kidole kidogo cha mguu, na siku niliyomwona baba mkwe anachukua unyayo wangu

Wakuu, salaam. Ambao hamjafika miaka themanini, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi. Nitakayoyasema yamenipata mimi mwenyewe, kwenye mguu huu huu wa kulia ninaoutazama sasa hivi. Anayetafuta chai akachemshe kwake.

Kilichonitoa mafichoni ni kijana mmoja aliyeanzisha uzi hapa juzi. Analalamika ana nundu pembeni ya mguu, pale kidole kidogo kinapoanzia, inauma akivaa viatu, inauma akitembea, na hajui ni nini.

Majibu mliyompa, Mungu awasamehe.

Mmoja kamwambia ni funza. Mwingine kamwambia akate na wembe, ni sugu tu. Wa tatu kamwambia kuna mtu kamfanyia kitu, atafute mtaalamu.

Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza bibi vipi. Halafu nikakumbuka. Hayo yote matatu yalinikuta mimi, miaka ya hamsini, na hilo la tatu nililiamini kabisa. Nusura linitoe kwenye ndoa yangu.

Sasa kaeni vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Kihesa ya wakati huo ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba za udongo, msiifananishe na hii yenu ya wapangaji. Wazazi wangu wote Wahehe. Msichana wa kwetu alifundishwa kusuka vikapu vya milulu, yale majani membamba yanayoota bondeni, kabla hajajua hata kupika ugali ukaiva.

Kusuka kwenyewe unakaa chini kwenye mkeka, miguu yote umeikunja upande mmoja. Mtoto wa kike hanyooshi miguu mbele za watu. Kwa hiyo mguu wa chini unalala kwa ubavu, na ubavu wake unabanwa na sakafu asubuhi mpaka jua linageuka. Mimi mguu wangu wa chini siku zote ulikuwa wa kulia. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Nikaolewa na Mwalimu. Ndivyo nilivyomwita mpaka anaingia kaburini, Mwalimu. Alikuwa Mnyakyusa wa milimani upande wa Tukuyu, akifundisha Iringa, akaniona kwenye kwaya. Tulifunga ndoa kanisani, na yeye akaninunulia viatu vyeupe kwenye duka la Mhindi pale mjini. Vimechongoka mbele, vinabana, vizuri sijapata kuona.

Vilikuwa viatu vyangu vya kwanza vya kufunika mguu. Nilidhani kubana ndiyo dalili ya kiatu kizuri. Msinicheke, na ninyi mnavaa visivyowatosha mpaka leo kwa sababu ya picha.

Akahamishiwa shule ya kwao Mbeya, tukahamia kwa wazazi wake.

Hapo ndipo nilipokutana na mila ambayo kwetu Uheheni haikuwa kali kiasi kile. Kwa Wanyakyusa wa siku hizo, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Namaanisha hawaonani kweli. Hamsalimiani, hamtazamani, hupiti mbele yake, hukai alipokaa, jina lake hulitamki. Akipita njiani, wewe unatoka njiani unaingia migombani na kugeuka mgongo mpaka apite. Yeye naye, mzee wa watu, anakohoa kabla ya kufika kwenye kona ili usije ukashtukia mko uso kwa uso.

Walikuwa Wakristo wazuri, wanasali, lakini hiyo haikuguswa.

Kwa hiyo baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Nilijua pia, kwa kusikia, kwamba alipigana vita ya Burma kwenye jeshi la Mwingereza, na kwamba alikuwa fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi. Nilisikia nyundo yake ikigonga kibandani nyuma ya nyumba. Basi. Jina lake hata hapa silitaji, na si kwa sababu ya kuficha watu mtandaoni. Mdomo wangu haujawahi kulitamka na hautaanza leo.

Tuendelee na mguu.

Mke wa mwalimu hatembei peku, ndivyo Mwalimu alivyopenda. Kwa hiyo mimi na viatu vyangu vyeupe kanisani, sokoni, kwa wagonjwa, njia za milima zenye tope. Jioni nikirudi nakaa chini, nakunja miguu, nasuka kikapu.

Nundu ikaanza. Kwanza wekundu tu pembeni, chini ya kidole kidogo. Halafu ikainuka kama harage. Halafu ikawa ngumu, na kiatu kikiigusa nasikia moto unapanda mpaka gotini. Nikaanza kuchechemea.

Shangazi yake Mwalimu alikuwa wa kwanza kuniona. Mama mwenye roho nzuri na mikono mizito.

"Hiyo funza," akasema. "Leta pini."

Nikamwambia shangazi, funza anakuwa na kitundu cheusi, huyu hana.

"Ameingia ndani sana. Kaa chini."

Akachokonoa. Wakuu, alichokonoa. Hakutoka mdudu, ilitoka damu. Akapaka majivu ya moto, akaondoka ameridhika. Baada ya hapo pakavimba, pakaanza kutoa usaha, na kijijini likaenea neno kwamba mke wa mwalimu kutoka Iringa ana funza. Mnajua maana yake. Funza ni uchafu, na uchafu ni malezi ya mama yako.

Halafu likaja la pili. Kwa kuwa nachechemea, nachelewa kurudi na maji. Nikichelewa na maji, mimi mvivu. Nikasikia kwa masikio yangu, wanawake wawili kisimani, wakidhani sijui Kinyakyusa: "Huyu atarudishwa kwao kabla ya mavuno." Nilikuwa nimeshajifunza Kinyakyusa cha kutosha kuumia.

Shangazi akarudi na wazo jipya, wembe. Tukate hiyo nyama, itaisha. Mama mkwe akakataa. Akasema subiri kwanza. Nilimshukuru moyoni, ingawa sikujua anasubiri nini.

Sasa sikilizeni hapa.

Asubuhi moja natoka kisimani, mtungi kichwani, nimevua viatu kwa sababu ya maumivu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni tope laini. Nikasikia kikohozi. Nikaingia migombani haraka, nikageuka mgongo kama inavyotakiwa.

Kikohozi kikasimama. Mzee hakupita.

Nikangoja. Shingo inauma kwa mtungi, mguu unauma, na njiani kimya. Mwisho nikafanya nisichotakiwa kufanya, nikageuza jicho kidogo kupitia kwenye majani.

Baba mkwe alikuwa amechuchumaa juu ya unyayo wangu.

Alikuwa ameutandikia ganda kavu la mgomba, lile la kufungia vitu. Akalibonyeza kwa kiganja mpaka likashika umbo. Akachomoa kisu, akalikata kuuzunguka unyayo wangu wa kulia, polepole. Akalikunja, akaliweka ndani ya koti. Halafu akasimama na kuufuta ule unyayo kwa mguu wake mpaka pakawa tope tupu. Akakohoa, akaenda zake.

Wakuu, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kuchukuliwa unyayo! Bibi yangu Kihesa alitufundisha tangu tunatambaa: ukipita penye tope, futa nyayo zako, mtu akichota unyayo wako mguu utakauka. Na mimi mguu tayari ulikuwa unaoza.

Nilisimama pale migombani natetemeka mpaka maji yakanimwagikia. Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Kumbe ndiyo maana nundu. Kumbe ndiyo maana pini haikutoa kitu. Hawakutaka Mhehe kwenye ukoo wao, na huyu mzee asiyeniangalia usoni ndiye mwenye kazi hiyo.

Sikumwambia Mwalimu. Ningeanzaje? Baba yako ananiroga? Nikaamua kurudi Iringa kwa mama yangu kabla mguu haujaisha.

Siku mbili tatu baadaye mama mkwe akasema tunakwenda Mbeya mjini, zahanati, Mwalimu ameshaongea na mtu wa lori la kahawa. Nikasema ndiyo mama. Moyoni nikasema hiyo ndiyo nafasi yangu, maana mabasi ya Iringa yanaondokea hukohuko. Nikavaa viatu vyeupe, nikafunga kanga zangu mbili na kikapu kimoja ndani ya mfuko. Mama mkwe akautazama mfuko. Yeye naye alikuwa na furushi lake kichwani, limefungwa kwa kitambaa. Nikadhani ni chakula.

Zahanati tulimkuta dresa. Siku hizo ndivyo tulivyowaita wale wa kufunga vidonda. Alikuwa kijana wa Kisafwa, msafi, mikono ya taratibu. Akaosha kidonda cha pini kwa maji ya dawa, akasikitika sana, akauliza nani kafanya hivi. Mama mkwe akatazama dari.

Halafu akabonyeza pembeni ya ile nundu, si juu yake.

"Mama, hapa hakuna mdudu. Hii mfupa. Mfupa wa mguu wako mwenyewe, umesogea nje kidogo, na juu yake ngozi imevimba kwa kusuguliwa."

Nikamuuliza, mfupa unasogezwa na nini?

Akachukua kiatu changu cheupe, akakigeuza. Pembeni ngozi ilikuwa imetuna na kuchakaa mahali palepale. Akaingiza vidole vyake, vinne havikuenea. "Hiki ndiyo kinakupiga kila siku. Na nyumbani unakaaje?"

Nikakaa chini nikamwonyesha. Miguu upande, kama nasuka.

"Ona," akasema. Nundu ilikuwa imekaa sakafuni sawasawa, na uzito wangu wote juu yake.

Yaani kiatu kinaibana nikitembea, sakafu inaibana nikikaa. Mguu wangu haukuwa na pa kupumzika. Nilijisikia kulia na kucheka kwa pamoja.

Akaniambia: kidonda kioshwe na kufungwa kila siku mpaka kipone. Nisichokonolewe tena, nisikatwe. Nikae kwenye kigoda au nibadilishe namna ya kukaa. Na kiatu kiwe kipana, kisichogusa pale. Akataka kukitoboa hiki cheupe pembeni kwa mkasi ili nundu ipate nafasi. Nikakinyakua. Viatu vya harusi yangu vitobolewe! Akacheka, akasema basi tafuta vingine, maana huu mfupa hauwezi kukishinda kiatu kwa kugombana nacho.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi nje kungoja lori. Kutoka pale nilikuwa naona basi la Iringa linapakia.

Mnaweza kuniuliza, si dresa ameshaeleza? Ndiyo. Lakini alieleza nundu tu. Hakueleza ganda la mgomba. Mtu mwenye nia njema anachukua unyayo wa nini?

Nikasimama na mfuko wangu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mama mkwe akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga-unga, na Kinyakyusa changu ndivyo hivyo, tulikuwa tunakutana katikati.

"Kwa mama yangu."

"Kwa nini?"

Ikanitoka. "Mama, nimemwona baba. Amechukua unyayo wangu. Amekata na kisu, ameweka kwenye koti."

Mama mkwe akanigeukia. Nilidhani atanipiga. Badala yake akaweka furushi mapajani na kuanza kulifungua.

Ndani mlikuwa na katambuga mpya. Pana. Ndani kimelazwa kipande cha blanketi la jeshi kimekunjwa mara mbili. Mkanda wa kulia haukupita pale pembeni, ulizungushwa nyuma ya nundu kabisa, tofauti na wa kushoto. Na juu yake lilikuwa lile ganda la mgomba, umbo la mguu wangu, pembeni amelitoboa kitundu kidogo kuonyesha panapouma.

"Angekupimaje?" akasema mama. "Mguu wako hawezi kushika. Hawezi kuangalia. Aliona nyayo zako njiani, unakanyaga kwa ndani tu, kidole kidogo hakigusi chini. Akasema kule vitani, viatu vya jeshi, wenzake walikanyaga hivyo, walikuwa na hiyo hiyo. Ndiyo mimi nikazuia wembe."

"Mbona hamkunipa mapema?"

"Alikataa. Alisema dresa aone kwanza. Akisema mfupa, mpe. Akisema ugonjwa mwingine, rudi nazo, nisije nikamdanganya mtoto wa watu."

Nikabaki na la mwisho. "Na unyayo, mama. Mbona aliufuta?"

Akanishangaa kama ninauliza kwa nini mlango unafungwa.

"Asije mtu mbaya akauchukua."

Wakuu, nilikaa chini palepale kwenye vumbi nikalia kama mtoto. Yule mama akanivua viatu vyeupe mwenyewe, akanivalisha katambuga, kwa mikono yake, mkwe anamvalisha mkamwana! Zilinikaa kama nimezaliwa nazo. Basi la Iringa likaondoka, nikaliona linapotea, na sikusikia chochote moyoni isipokuwa shukrani.

Mwalimu mwanzoni alinuna kidogo. Mke wa mwalimu, katambuga, kanisani? Jumapili ya kwanza nikatoka nazo nikiwa na haya. Mlangoni nikamkuta mama mkwe ananingoja. Mwanamke aliyetembea peku maisha yake yote, kavaa katambuga za matairi miguuni, anatembea kama bata. Tukaenda naye kanisani hivyo, bega kwa bega. Kuanzia hapo Mwalimu hakusema tena.

Kidonda kilipona. Nilianza kusuka nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mkeka tukawaachia wageni. Maumivu yalipungua polepole, yakaisha. Nundu yenyewe haikuondoka, ipo hapa, lakini ni mpole. Ikianza kulalamika najua nimevaa kitu kibaya.

Mjukuu wangu ni nesi. Anasema kitaalamu inaitwa bunionette, na Wazungu wengine huiita tailor's bunion kwa sababu mafundi nguo wa zamani walikuwa wanakaa chini wamekunja miguu, ubavu wa mguu sakafuni. Wangefika Kihesa wangeipa jina la wasuka vikapu. Anasema hata leo dawa ya kwanza ni ileile ya dresa: kiatu kipana mbele, kitu laini cha kuzuia msuguano, usiikalie, na ikivimba uipumzishe na kuikanda kwa kitu cha baridi. Ikizidi mnaenda hospitali, wanapiga eksrei, na wachache sana hufanyiwa upasuaji. Ikiwa nyekundu, ya moto au ina kidonda, usingoje. Na mwenye kisukari asithubutu kujikata, aende mapema.

Sasa nimalizie deni langu la moyoni.

Baba mkwe sikuwahi kumwambia asante. Mila haikuruhusu. Ningetuma maneno kupitia kwa mama, na nilituma, lakini si sawa na kusema mwenyewe. Basi nikajitafutia njia. Nikipita nyuma ya nyumba yake asubuhi, nilikuwa nakanyaga kwa nguvu, miguu yote miwili sawasawa, asikie kwamba hakuna anayechechemea. Ndani ninasikia nyundo inasimama kidogo, halafu inaendelea.

Miaka ikaenda. Akazeeka, macho yakafa, nyundo ikanyamaza. Mimi bado napita, nakanyaga.

Siku moja, alikuwa mgonjwa tayari, nikapita nimevaa raba laini za mjini nilizoletewa na binti yangu. Raba hazina sauti. Nikasikia kikohozi kutoka ndani, na baada ya kikohozi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, sauti yake ikiniambia mimi.

"Mguu?"

Neno moja. Alikuwa anauliza mbona hausikiki.

Sikutakiwa kujibu. Nikavua raba, nikakanyaga chini kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zangu zote, mara ya kwanza, mara ya pili.

Akasema, "Ndaga."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa; ukiongeza fijo, ni asante sana. Mzee ndiye aliyenishukuru mimi. Hatukuzungumza tena mpaka tunamzika.

Kijana mwenye nundu, weka huo wembe chini. Tazama kiatu chako, tazama unavyokaa, kisha nenda ukaonwe na mtu anayejua. Na wengine wenye mguu kama wangu, semeni hapa chini mlifanyaje mkapona, nitasoma zote, mjukuu atanisaidia. Wa matusi mpite kimya kimya, na mkikohoa nitawapisha.

Na wewe, tata, baba yangu, ambaye jina lako silitaji: ndaga fijo.